Saba Mahali pa Moja

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza alfajiri na haijakata. Dada alihamia kwangu jana jioni na sanduku moja, mwavuli na redio ya betri. Anasema paa la nyumba yake linavuja. Paa hilo lilitengenezwa mwaka jana na mimi ndiye niliyemshikia fundi ngazi.

Niandike mambo kama yalivyo, kwa kuwa ndiyo kazi niliyoifanya miaka thelathini na mitano gazetini na sijui nyingine. Dada yangu ana miaka hamsini na tisa. Ameuguza watoto miaka thelathini na miwili, hospitali ileile. Jumatatu iliyopita asubuhi alitega mashine ya dripu ya mtoto wa miaka mitatu. Dawa ilitakiwa iingie mililita kumi na nne kwa saa. Iliingia kwa kasi ya sabini na nne, kwa dakika ishirini na tano, mpaka mama wa mtoto alipoita kwamba chupa inaisha. Moyo wa mtoto ulikuwa unakwenda mbio vibaya. Alikaa siku mbili chumba cha uangalizi maalumu. Sasa amerudi wodini, anakula uji na kulilia katuni.

Dada amesimamishwa kazi. Kamati itakaa tarehe 24 Aprili. Inaweza kumrudisha, kumwonya, au kuomba afutwe kwenye orodha ya wauguzi. Amebakiza miezi kumi na mmoja kustaafu.

Jumanne, 5 Machi

Mvua. Dada amepanga upya makabati yangu ya jikoni. Sipati kikombe.

Ijumaa, 8 Machi

Leo amezungumza. Alikuwa anapiga pasi mashati yangu, ambayo hayajawahi kupigwa pasi.

“Niliona kumi na nne, Katibu,” alisema. Ananiita Katibu tangu nina miaka saba, kwa sababu nilikuwa naandika daftarini nani kala mayai mangapi. “Nilitazama kioo. Iliandikwa kumi na nne. Naiona mpaka sasa.”

“Kumbukumbu ya mashine inasema sabini na nne.”

“Najua inasema nini. Basi mmoja wetu ni mwongo, na mashine haina mume wala cheo wala aibu. Itadanganya ili ipate nini?”

Nikamuuliza atawaambia nini kamati.

“Nitawaambia ni kosa langu na ninaacha kazi. Barua nimeshaiandika.” Alikunja shati. “Mama alianzaje? Alianza hivihivi. Alikuwa anaapa ameuona ufunguo mezani, na ufunguo uko shingoni kwa kamba.”

Mama yetu alipoteza akili taratibu, miaka sita. Mwishoni alimwita Dada kwa jina la marehemu shangazi. Dada ndiye aliyemwogesha. Mimi nilikuwa nakuja Jumapili.

Nilimwomba barua asiipeleke kabla sijauliza maswali machache. Akasema kuuliza ni bure, na kwamba sina shati lenye vifungo vyote.

Jumatatu, 11 Machi

Siku ya saba sasa. Kila asubuhi mkono wangu unafungua kabati la kushoto kutafuta kikombe na kutoka na kopo la chumvi. Vikombe viko kulia. Najua viko kulia. Mkono haujaambiwa.

Alhamisi, 14 Machi

Nimekwenda chuoni kumwona mwalimu mmoja wa saikolojia niliyewahi kumhoji kuhusu madereva wanaosinzia. Anasomesha jinsi akili inavyoona, inavyokumbuka na inavyokosea, na wanafunzi wake wanamwita Mama Makosa. Jina halimuudhi. Ofisini kwake mlango una mpini wa kuvuta na maandishi SUKUMA. Nilivuta.

“Kila mtu anavuta,” alisema. “Nimekataa urekebishwe miaka mitano. Ndilo somo langu la kwanza. Keti.”

Nikamweleza. Aliandika kidogo sana, jambo lililonisumbua. Mimi humwamini mtu anayeandika.

“Siku hiyo dada yako alikuwa na hali gani? Alilala? Amegombana na mtu?”

“Hapana. Mara ya mwisho kuongea naye kabla ya tukio ilikuwa Jumapili, kwa simu. Nilikuwa nimesahau neno la siri la barua pepe, na kompyuta ikaniuliza jina la mwalimu wangu wa darasa la tatu. Nikampigia yeye anikumbushe. Alikuwa mzima, alinicheka.”

“Mwambie asipeleke barua yoyote kwa mtu yeyote. Nitakuja Jumapili. Una meza?”

“Ninayo.”

“Iwe haina kitu juu.”

Jumapili, 17 Machi

Mvua kubwa, barabara yetu imegeuka mfereji. Mama Makosa amekuja na viatu mkononi. Dada alimpa kanga ya kujifutia miguu na chai, kwa adabu ile anayoitumia kwa watu asiotaka wakae sana.

“Shoga,” Mama Makosa akamwambia, “sikuja kukupima kichwa.”

“Wenzako wote husema hivyo.”

“Fumba macho. Hapa mezani kuna mashine ya dripu. Weka kasi ya kumi na nne, kama wodini. Usifikiri, weka tu.”

Dada alifumba. Kidole chake cha shahada kilishuka upande wa chini kushoto kikagonga meza, kikapanda kidogo kikagonga tena, kisha kikahamia kulia kugonga kitufe cha kukubali. Ilichukua muda mfupi kuliko kukohoa.

“Tena. Themanini na mbili.” Kidole kikaenda juu katikati, kikashuka chini katikati.

Mama Makosa akanigeukia mimi. “Toa simu yako. Fungua mahali pa kupigia. Moja iko wapi?”

“Juu kushoto.”

“Sasa fungua kikokotoo.”

Nikafungua. Moja ilikuwa chini kushoto. Juu kushoto palikuwa na saba.

“Simu hii unayo tangu lini?”

“Mwaka wa nne huu.”

“Umewahi kugundua?”

Sikuwahi. Mimi niliyewahi kuandika kwamba shahidi alikosea idadi ya ngazi za mahakama.

“Kuna mipangilio miwili duniani,” alisema, “na hakuna aliyeipatanisha. Mama, mashine za zamani wodini kwenu zilikuwa na namba zimepangwaje?”

Dada alifumbua macho. Alitazama kidole chake kama mgeni aliyeingia bila hodi.

“Kama kikokotoo. Moja chini. Miaka kumi na miwili nimetumia zile. Mpya zimeletwa Januari.”

“Mpya zina moja wapi?”

“Juu.”

“Na pale ilipokuwa moja?”

Alikuwa anagonga meza polepole: chini kushoto, katikati kushoto. Moja, nne. Nilichora mipangilio yote miwili kwenye karatasi nikaweka moja juu ya nyingine. Mstari wa katikati, wa nne, tano na sita, haubadiliki. Moja na saba hubadilishana nafasi, mbili na nane, tatu na tisa. Kidole kinachotafuta kumi na nne mahali pa zamani, kwenye mashine mpya huandika sabini na nne. Hakiwezi kuandika kingine.

“Lakini niliona kumi na nne,” Dada alisema.

“Uliona ulichokuwa unakitarajia. Ndivyo macho ya mtu mwenye uzoefu yanavyofanya kazi. Mwanagenzi husoma namba. Wewe ulishaijua, ukathibitisha tu kwamba ipo. Katibu wako huyu akisoma habari aliyoiandika mwenyewe, haoni makosa yake.”

“Huyo hajawahi kukubali kuwa anayo,” Dada akasema.

Alimsindikiza mpaka getini, chini ya mwavuli mmoja. Niliwaona dirishani wamesimama kwenye maji wakiongea kwa muda wa kuchemsha birika.

Jumatatu, 18 Machi

Barua ameichana. Amesema hiyo haimaanishi kitu, karatasi ilikuwa na doa.

Jumamosi, 23 Machi

Mashine ilimuuliza kabla ya kuanza: UNA UHAKIKA? Alijibu NDIYO. Kamati itashika hapo, kwa hiyo nimemuuliza.

“Inauliza kila kitu,” alisema. “Ukiwasha, una uhakika? Ukizima, una uhakika? Ukibadilisha chupa, una uhakika? Zamu moja inaniuliza mara mia mbili. Mtu akikuuliza hivyo nyumbani utamtaliki.”

Na muuguzi wa pili wa kuhakiki? Alikuwepo mmoja kwa vitanda kumi na tisa. Huyo mmoja ni yeye. Nimeandika hivyo, bila kuongeza chumvi, ingawa asubuhi hii pia nimeishika.

Alhamisi, 28 Machi

Mvua. Dada amesikiliza redio siku nzima. Ameshona vifungo kwenye nguo zangu.

Jumamosi, 30 Machi

Matroni wa wodi amekubali tuone kumbukumbu za mashine zote sita, majina yakiwa yamefichwa, tarehe za kuajiriwa zikiwa wazi. Ni mwanamke mkali, na nilitarajia atakataa. Alisema, “Mimi mwenyewe nimekosea mara mbili na sikumwambia mtu. Chukua.”

Fundi wa mashine wa hospitali, mtu mwembamba wanayemwita Bwana Nati, alitutandazia karatasi kwenye meza ya karakana. Mashine hukumbuka kila kitufe kilichobonyezwa, hata kilichofutwa. Tulikaa kwa saa tano, mimi, yeye na Mama Makosa. Katika wiki nane wauguzi waliandika namba wakaifuta kabla ya kukubali mara mia mbili na kumi na mbili. Mara mia moja thelathini na moja zilikuwa za aina moja: saba kwa moja, nane kwa mbili, tisa kwa tatu, au kinyume chake. Wauguzi kumi na mmoja waliotumia mashine za zamani, wote wamo. Wawili walioajiriwa Januari, ambao za zamani hawakuzigusa, hawamo hata mara moja.

“Kwa hiyo si shangazi peke yake,” alisema Bwana Nati. Wodini wote wanamwita Dada shangazi.

“Ni wote,” Mama Makosa akasema. “Wengine walitazama kioo mara ya pili, yeye hakutazama.”

“Na hapa kuna kitu.” Bwana Nati aliweka kidole kwenye mstari wa tarehe 26 Februari. “Saa nne na dakika arobaini alibonyeza WEKA KASI. Kisha hakuna kitu, dakika moja na nusu. Halafu saba, nne, kubali, ndiyo, yote ndani ya sekunde mbili. Hapo katikati alikuwa anafanya nini?”

Nilirudi nyumbani nikamuuliza Dada.

“Sikumbuki,” alisema, akaenda kuanua nguo. Ilikuwa inanyesha na hakuna nguo iliyokuwa nje.

Jumanne, 2 Aprili

Niandike hili polepole.

Nimehoji watu wengi waliosema “sikumbuki”, na najua sauti ya anayetafuta kumbukumbu na sauti ya anayeifungia mlango. Ile ya Dada ilikuwa ya mlango. Usingizi haukuja mapema, na leo asubuhi ofisini, bila kufikiri sana, nilifungua orodha ya simu nilizopiga Februari.

Jumapili tarehe 25 sikumpigia Dada. Nilimpigia Jumatatu tarehe 26, saa nne na dakika arobaini asubuhi. Tuliongea dakika moja na sekunde ishirini na moja.

Nilikuwa na uhakika wa Jumapili. Si kwamba nilidhani. Niliiona Jumapili hiyo: nimekaa sebuleni, nimevaa kandambili, kompyuta mapajani. Nimeitoa wapi picha hiyo sijui. Kompyuta ya barua pepe iko ofisini.

Nikaikumbuka na sauti yake kwenye simu. “Niko kazini, Katibu, nina mtoto hapa.” Nikamwambia ni swali moja tu. Akanitajia jina la mwalimu wetu wa darasa la tatu na jina la utani tulilompa, akacheka kwa chini, akakata. Kidole chake kilikuwa mbele ya mashine. Kikamalizia kilichokuwa kimekianza, mahali kilipozoea.

Nimetoka kazini saa sita bila kuaga. Sijawahi.

Jumatano, 3 Aprili

Nilimwekea karatasi ya simu mezani, karibu na kikombe chake. Aliisoma akaigeuza uso chini.

“Uliijua tangu mwanzo,” nilisema.

“Niliijua.”

“Kamati wamekuuliza ulikuwa unafanya nini?”

“Wameuliza kwenye fomu. Nimeandika: namtazama mtoto.”

“Huo ni uongo.”

“Nilikuwa namtazama huku naongea. Nusu yake ni kweli.” Alivuta pumzi. “Sikiliza, mdogo wangu. Simu haziruhusiwi kitandani kwa mgonjwa. Hilo peke yake linatosha wanifukuze. Na nikisema ni nani alipiga, wewe utalibeba. Nakujua. Ulivunja chungu cha mama ukakaa siku mbili huli.”

“Sasa nina miaka hamsini na sita.”

“Na jana hukula.”

Nilimwambia niliyokuwa nimeyawaza njia nzima. Tunazo takwimu za vitufe. Hakuna anayejua kuhusu simu ila sisi wawili. Bwana Nati hakuandika swali lake popote. Kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini na mitano nilitamani ukweli uwe mfupi, na nilimwambia hivyo kwa maneno hayohayo.

Dada alikata mkate.

“Miaka yote hii,” alisema, “nilidhani hujui kudanganya. Kumbe hukuwa na sababu.”

Hakusema kwa ukali. Alinisukumia sahani ya mkate.

Jumapili, 7 Aprili

Mama Makosa amekuja tena, bila kualikwa. Tulimwambia. Hakushtuka.

“Vitufe vinaeleza kidole kilikwenda wapi,” alisema. “Simu inaeleza kwa nini macho hayakufuata. Mtu akikatizwa katikati, akirudi hurukia hatua anayodhani ameifanya. Ukitoa kimoja, hadithi ina tundu. Lakini nikwambieni ukweli: mkiwapa simu, wataichukua wakaacha vitufe. Simu ni rahisi. Unaandika tangazo ukutani, umemaliza.”

“Na nisipowapa?” Dada akauliza.

“Pengine unarudi kazini.”

“Na nikirudi, mimi ndiye nitakuwa najua kwamba simu moja inatosha. Wale wengine kumi hawatajua.”

Mama Makosa alinyanyua kikombe akanywa chai iliyokwisha poa.

Jumanne, 16 Aprili

Siku nne za jua. Dada amefua mapazia. Hajasema atafanya nini, nami sijauliza. Kutouliza ni kazi ngumu kuliko kuuliza.

Jumanne, 23 Aprili

Mvua imerudi. Amepiga pasi sare yake ya kazi, kisha akaitundika na kuvaa gauni la bluu, akavua, akatundika. Akaniuliza ipi. Nikasema gauni. Akasema atavaa sare.

Jumatano, 24 Aprili

Kamati ilikaa chumba cha mikutano ghorofa ya pili. Watu watano, mwenyekiti ni daktari mstaafu mwenye kikohozi. Alikuwepo na mwakilishi wa kampuni iliyouza mashine, kijana wa tai. Niliingia kama shahidi, nikaruhusiwa kubaki.

Mama Makosa alitoa takwimu. Mwakilishi akasema vitufe vinafuata viwango vinavyokubalika. Mama Makosa akasema vya zamani pia vilifuata, na ndilo tatizo. Akamwomba aandike themanini na mbili mezani akiwa amefumba macho, kana kwamba yuko kwenye mashine ya kampuni yake. Kijana alitabasamu, akakataa.

Kisha Dada akasimama. Alisema alipokea simu akiwa kitandani kwa mgonjwa, kinyume cha kanuni, na kwamba kwenye fomu aliandika nusu ukweli. “Naomba fomu ile irekebishwe,” alisema. Mwenyekiti akauliza aliyepiga ni nani. Nilisimama kabla yake. Nikatoa karatasi ya simu, nikasema saa, dakika na sababu. Niliposema neno la siri, mjumbe mmoja aliinamisha uso. Nadhani na yeye huwa anasahau.

“Kwa hiyo ni simu,” alisema mwakilishi wa kampuni, kama mtu aliyepata kiti.

Mwenyekiti akamwita mama wa mtoto. Sikuwahi kumwona. Ni mshonaji, bado msichana, vidole vyake vina alama za sindano. Alisema mtoto anaendelea vizuri. Alisema ana hasira bado na hajui aielekeze wapi. Kisha mwenyekiti akamuuliza, kwa mazoea tu nadhani, kama aliona jambo lolote lisilo la kawaida kabla chupa haijakaribia kuisha.

“Niliona sabini na nne,” alisema.

“Wapi?”

“Kwenye mashine. Mimi nakaa pale, nina nini kingine cha kutazama? Karatasi ya kitandani imeandikwa kumi na nne na mashine imeandika sabini na nne. Nilisema moyoni, pengine ni vitu viwili tofauti. Mashine inajua. Muuguzi anajua. Mimi najua kushona.” Alimgeukia Dada. “Kama ungeniuliza, ningekwambia.”

Mwenyekiti hata hakukohoa. Dada alikuwa amesimama bado. Alisema, “Pole, mwanangu. Ilinipasa nikuulize.”

Jumatano, 8 Mei

Uamuzi umetoka. Onyo la maandishi kwa ajili ya simu na fomu, litakaa kwenye faili lake mpaka astaafu. Anarudi kazini tarehe 20. Kampuni haitabadilisha vitufe. Hospitali itabandika rangi kwenye mstari wa juu na wa chini, na kuandikia wizara. Tangazo la simu limeshabandikwa ukutani. Mama Makosa alilijua hilo mapema.

Dada aliisoma barua mara mbili, kwa kidole, neno kwa neno, kama mwanagenzi.

“Haya,” alisema. “Sasa nina miezi tisa ya kuwafundisha.”

Nikamuuliza kuwafundisha nini. Akasema nimwache kwanza afikiri, mimi kazi yangu ni kuandika watu wakishamaliza.

Jumamosi, 18 Mei

Amerudi kwake. Paa halivuji. Nyumba yangu ina vifungo, mapazia na kimya.

Jumatatu, 3 Juni

Mvua imepungua, inanyesha asubuhi tu. Kwa ruhusa ya matroni nilikaa wodini kwa saa mbili, kwa ajili ya makala ninayoiandika kuhusu mashine hizi. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango, simu nimeiacha getini.

Dada sasa ana utaratibu wake na wenzake wameuchukua. Akishaandika namba, kabla ya kubonyeza NDIYO, hamwulizi muuguzi mwenzake. Humwuliza mzazi aliyekaa kitandani: unaona nini hapa? Hamwambii namba inayotakiwa. Alinieleza sababu wakati ananawa mikono. “Mimi naijua namba, kwa hiyo siioni. Yeye haijui, kwa hiyo anaiona.”

Kitanda cha saba kulikuwa na mtoto mchanga, na bibi yake ndiye aliyekuwa zamu, mwanamke mzee aliyejitanda shuka mabegani. Dada aliandika kwenye mashine, akajitoa pembeni.

“Mama, nisomee hapa.”

“Mimi sikusoma, mwanangu.”

Nilidhani ataita mtu mwingine. Alivuta kiti akakaa, magoti yao yakakaribiana.

“Ndiyo vizuri zaidi. Nichoree tu kwa kidole hapa kwenye shuka. Kama unavyoona.”

Bibi aliitazama mashine kwa makini, kama mtu anayemkagua mkwe. Kisha akachora kwenye shuka nyeupe. “Hapa kuna shanga mbili, moja imekaa juu ya mwenzake. Halafu hapa shanga moja, ina mkia umekwenda juu.”

Dada aliitazama shuka. Nane na sita. Karatasi ya kitandani, niliyokuwa naiona pale nilipokaa, iliandikwa ishirini na sita.

Nilinyanyuka nusu. Nilimtazama uso kutafuta ile hofu ya Machi, ya siku ya kupiga pasi. Haikuwepo. Alikiinua kidole chake cha shahada, akakiangalia.

“Huyu mzee habadiliki,” alimwambia bibi. “Mama, umenisaidia. Nimekosea.”

“Umekosea?”

“Nimekosea. Ngoja.”

Akafuta. Akaandika tena, polepole, akijitajia kwa sauti, akajitoa pembeni. Bibi akasogea mbele ya kiti chake, sasa ni kazi yake, hataki kuharakishwa.

“Huyu wa kwanza amepinda shingo, chini amekalia mkia,” alisema, akachora. “Yule mwenye shanga moja yuko palepale.”

“Una uhakika?” Dada akamuuliza.

Bibi alitazama tena.

“Nina uhakika.”

Dada akabonyeza NDIYO, akamshukuru, akaenda kitanda cha nane.